Ukuta wa Papa Ajida

Uvumilivu wangu ulikwisha siku ile mwanajeshi alipoipiga teke bidon ya binti yangu, maji yakaporomoka mlimani. "Mutoto, hapa si njia, hapa iko kwa Koloneli!" Furaha alirudi analia, kandambili moja mkononi. Nikashuka huku ninafunga kitenge. Kwa Koloneli! Huyo Koloneli sisi tulimjua angali ajida tu, kabla hajawa afisa.

Ninyi mliokulia Muhumba enzi zetu mnakumbuka: kwake hakukuwa na ukuta. Kulikuwa na ua wa maua mekundu, nasi tulipenya katikati kwenda kwenye chemchemi. Zile ngazi za udongo alizichimba yeye, kifua wazi, siku ya salongo, ile kazi ya mtaa mzima, pamoja na baba zetu. Bidon zikiwa zinajaa tulicheza nzango, tukipiga makofi hadi viganja vikawaka. Mke wake alitugawia viazi vitamu vya moto kutoka kwao Nyantende. Jioni, akishapiga pasi uniforme yake kwa makaa, Papa Ajida alitupanga mstari na bidon zetu kichwani. "Gauche! Droite! Weye wa nyuma, unatembea kama bata iko na mimba!" Wa nyuma nilikuwa mimi. Nilicheka hadi maji yakaniingia shingoni.

Siku moja jirani alitaka kuifunga njia apande migomba. Papa Ajida akasimama katikati, akagusa galon zake, mistari ya cheo begani. "Muzee, njia ya maji haina galon." Mtaa mzima ulikaa na neno hilo miaka.

Kisha akaenda vitani. Alirudi na risasi pajani na galon za kapiteni. Tukala mbuzi, baba zetu wakanywa kasiksi, maua yakang'olewa zikapigwa mbao. Alipokuwa majoro, mbao zikawa matofali. Alipokuwa koloneli, juu ya matofali ukaota waya wa miiba. Na kila mara tulimpigia makofi, wajinga sisi! Ulibaki mlango mdogo wa wachota maji. Mwezi huu ameuziba.

Basi nikagonga lango. Akatoka mwenyewe, mvi tupu.

"Weye ni binti ya nani?"

"Ni mimi ule wa bata iko na mimba, Papa Ajida."

Akatabasamu kidogo, naapa nilimwona. Halafu akawaangalia walinzi wake. "Sasa ni Mon Colonel," akasema, na lango likafungwa.

Mama yangu ananiambia, "Acha, maman. Na mutu wa bunduki hatubishane." Nimekataa. Watoto wa leo ni wavivu, nakubali. Bidon ndogo inawavunja shingo, na nzango wanaiangalia kwenye telefone. Lakini kiu yao ni ileile yetu. Sisi tulishuka tukiimba katikati ya maua. Furaha anazunguka barabara kuu katikati ya malori ya mchanga, nami nasimama mlangoni, siketi, hadi nione kichwa chake.

Jumatatu nilikwenda oditora, kwenye ofisi ya mashtaka ya jeshi, nikaweka karatasi yangu mezani, wakaigonga muhuri. Nimeandika hivi:

"Mimi, mama wa watoto watatu, mkazi wa Muhumba, ninamshitaki afisa aliyefunga njia ya maji ya mtaa wetu, na mlinzi wake aliyemwaga maji ya mtoto wangu. Ninaomba mlango ufunguliwe. Shahidi wangu wa kwanza ni Koloneli mwenyewe. Aulizwe ni nani alitufundisha kwamba njia ya maji haina galon."