Tabliye ya Risasi

Miaka ile ya Zaire, wakati gari-moshi la Lubumbashi lilifika siku lilipotaka lenyewe, nilifanya kazi katika hospitali moja ya Kalemie, kwenye chumba cha radio, pale tulipopiga picha za mifupa na vifua. Tulikuwa wawili tu: mimi na mkuu wangu, mzee mmoja mpole tuliyemwita Papa, aliyenizoeza kazi. Nilikuwa na mimba ya kwanza, tumbo limeanza kuonekana.

Daktari mkurugenzi alirudi kutoka semina ya Kinshasa, akatuita bironi, ofisini kwake.

"Kila serivisi, kila idara, inionyeshe inapima nini ili ijue kazi yake ni nzuri."

Papa akatazama chini. Hatukupima chochote. Mashini ikiwaka, tulimshukuru Mungu.

"Dokta, tuanze na tabliye," nikasema.

Hilo ndilo vazi zito lenye madini ya risasi ndani, la kutukinga na miale ya mashini. Tulikuwa na moja tu, na kwa kukosa pa kuitundika, miaka yote ilikunjwa juu ya mgongo wa kiti. Shuleni nilifundishwa kwamba unailaza mezani, unaipiga radio yenyewe, uone kama imepasuka ndani.

"Filimu zimebaki kidogo," Papa akanung'unika. "Na wagonjwa?"

"Moja tu," dokta akasema.

Tukaipiga. Papa akaiinua ile filimu ikichuruzika maji. Risasi ikizuia miale yote, ilipaswa kuwa nyeupe pote. Lakini mistari myeusi iliikatiza kama tope lililokauka juani, na mmoja ulikuwa mpana kuliko kidole. Nikajivika tabliye nione ufa ule unaangukia wapi. Tumboni. Nikaivua, nikaichukua filimu kwenda bironi.

Nilimwomba dokta afunge chumba hadi ipatikane nyingine. Hakukasirika, afadhali angekasirika.

"Nimeomba Lubumbashi, nimeomba Kinshasa. Nikifunga, Mama, muntu amevunjika paja nitamupeleka wapi? Nimupakie mutumbwi aende Kigoma?"

Papa akanigeukia. "Wewe toka, binti yangu. Mimi nimekwisha kuzaa."

Nikahamishiwa farmasi, ng'ambo ya ua. Dirishani nilimwona akiwaingiza wagonjwa peke yake, wavuvi waliotoka kaskazini, akina mama wa Mpala na watoto wenye kifua. Mtoto akikataa kutulia, nilijua ni yeye anayemshika chini ya miale. Kila asubuhi nilitaka kurudi, na kila asubuhi mimba ilicheza, nikabaki na vidonge vyangu.

Binti yangu alizaliwa mzima. Nilimkagua vidole, masikio, mgongo, na kesho yake nikamkagua tena. Furaha ilikataa kuja.

Papa akaanza kuchoka. Ufizi ukawa unatoka damu. Walipompima walikuta damu imeharibika, na dawa yake haikuwapo mjini. Alikufa kabla mvua hazijaanza. Tabliye mpya haikuletwa.

Kwenye kilio, mke wake alinishika mkono.

"Mama, niambie kweli. Ile mashini njo ilimuua?"

"Sijui, Mama."

Sikumdanganya. Hakuna aliyewahi kupima miale iliyomwingia ilikuwa kiasi gani. Nikamweleza hivyo.

"Basi mungepima," akasema, akaniachia mkono, akarudi mkekani kwa wenzake.