Hatua ya Tano ya Désiré

Juzi kule Kakiika, mjini Mbarara, nilimpita fundi viatu akipaka ngozi mafuta ya ng'ombe, na harufu ile ikanirudisha Nakivale, kambi ya wakimbizi nilikokulia, kwenye mpira wa ngozi alioleta padri mmoja kutoka Ayalandi. Alitufundisha mchezo wa kwao: unashika kwa mikono, unapiga kwa mguu; chini ya mti uliolazwa golini pointi tatu, juu yake moja. Ila ukiushika, usipite hatua nne bila kuudundisha.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Filimbi nilipewa mimi, labda kwa sababu nilicheza vibaya na nilipenda kuhesabu.

Siku moja watoto wa wanajeshi wa Mbarara walikuja kucheza na sisi wa Misiera, kijiji chetu pale kambini. Walikuwa na nguvu, lakini walihesabu hatua kama gwaride, na kila mara niliwapulizia. Baba wa mmoja, koplo, akanifuata.

"Wewe mtoto, lefti-raiti iko hatua moja."

"Afande, hapa ni mbili."

Watu wetu wakacheka, wakanipigia makofi. Nikajiona mkubwa.

Mwishoni tulikuwa nyuma kwa pointi mbili. Kaka yangu Désiré akaukamata mpira, akakimbia, akaupiga wavuni. Tumeshinda. Lakini nilikuwa nimehesabu hatua tano. Nikakataa bao.

Mpaka leo sijui kama ile ya tano ilikuwa hatua au aliteleza tu kwenye tope. Naandika hivyo maana ndivyo ilivyo. Wakati ule niliona tano.

"Weye Espérance, uko mutoto wa nani?" akaniuliza jirani yetu, Mama Goreti, mbele ya watu wote. "Huyu si kaka yako? Mupatie bao yake."

Désiré akaninong'oneza, "Sema ine basi. Nani atajua?"

"Tano," nikasema, nikaukalia mpira katikati ya uwanja. Sikuinuka mpaka watu wetu walipokubali wageni wapige mpira wa adhabu. Tukashindwa. Désiré alikaa juma zima bila kunisemesha.

Nilidhani watu wetu wamekasirikia ile hatua tu. Nilipokua ndipo nikaelewa: pale kila kitu tuliamuliwa na wengine, wapi tujenge, nani aitwe kuhamia ng'ambo, nani asubiri. Siku ile mwamuzi alikuwa mtoto wao, na mtoto wao akawanyima. Nawaelewa, na inaniuma.

Lakini macho yangu, hata kama yalikosea, yaliangalia kwanza. Macho yao yalikuwa yameshaamua kabla Désiré hajaugusa mpira.