Hortense na Sakafu ya Gari la Wamalwa

Jumatano asubuhi mke wangu alichemsha chai, akatia tangawizi nyingi kama siku zote, nami nikalalamika kama siku zote. Akasema tangawizi haijaua mtu. Alikaa mlangoni juu ya kiti cha gari ambacho hakina gari, akashona mkoba wa jirani. Macho yake hayakuona tena karibu, kwa hiyo mimi ndiye niliyetunga uzi. Nilikosa mara mbili. Akasema mikono yangu ni ya kuchomea vyuma, uzi niuachie wenyewe. Nikanywa chai, nikaenda karakana. Hatukuagana. Ni hatua hamsini tu.

Saa saba walikuja kuniita. Ijumaa akafa. Daktari alisema ni mshipa wa kichwani.

Jina lake Hortense. Hapa Mengo walimwita Mama Gradi, kwa mtoto wetu wa kwanza. Alizaliwa Walungu, upande wa Bukavu, Kongo. Tulivuka mpaka mwaka wa tisini na nane, mimi nimebeba watoto wawili, yeye amebeba cherehani kichwani. Hakukubali nimpokee. Alisema watoto wana miguu, cherehani haina.

Kampala alianza na viti vya pikipiki. Halafu viti vya teksi. Halafu magari ya zamani, ya watu wenye kupenda magari ya zamani. Hakuna aliyemfundisha. Alichukua kiti kibovu, akakifumua chote, akahesabu mishono, akakirudisha kama kilivyokuwa. Mimi nilichomea fremu, yeye akavisha ngozi. Tulifanya hivyo miaka ishirini na kitu.

Alikuwa na desturi yake. Kiti chenye mkanda hakikutoka karakana mpaka amekivuta. Alikalisha gunia la mchanga kitini, akalifunga mkanda kama mtu, akapitisha mnyororo wa winchi mbele hadi kwenye nguzo ya chuma, akavuta. Ndiyo maana kioo cha mbele tulikirudisha mwisho, ili mnyororo upite. Wateja walicheka. Husnah, mwenye kibanda cha chai hapo jirani, alikuwa akisema, "Mzee, leo mkeo amemkamata abiria gani tena? Hajalipa nauli?"

Mwaka juzi Wamalwa akaleta gari. Ni mtu wa Bungoma, ana duka la jumla Kikuubo. Gari lilikuwa Peugeot 404, nyeupe, ya marehemu baba yake. Binti yake Nasike alikuwa anaolewa nyumbani Jumamosi, na Wamalwa aliapa kumpeleka yeye mwenyewe, kwa gari la babu yake, amekaa kiti cha mbele. Lakini gari lile halikuwa na mikanda, na Wamalwa anaijua barabara ya Jinja na ajali zake. Alisema hawezi kumpakia mtoto bila mkanda.

Akanunua viti viwili vya gari la kisasa, kwenye soko la vipuri. Viti vizuri, vizito, mimi na yeye tulibeba kimoja kwa shida. Mkanda wa viti hivyo unatoka begani mwa kiti chenyewe, haufungwi kwenye nguzo ya mlango. Hiyo ndiyo hatari yake. Gari likisimama ghafla, mtu mzima anarushwa mbele, na uzito wake wote unavuta miguu minne ya kiti. Na miguu imekaa sakafuni. Sakafu ikiwa mbovu, kiti kinaondoka na mtu wake, amefungwa vizuri.

Mimi hilo nililijua. Jumatatu ya wiki ya harusi, nilipofunua chini ya kiti cha kushoto, nilikuta kutu imekula bati limekuwa kama karatasi. Ilitakiwa kukata sakafu yote, kulaza vyuma viwili kutoka ubavu hadi ubavu, kuchomea upya. Kazi ya wiki tatu. Wamalwa alikuwa anapita kila siku, anasimama mlangoni, anauliza, "Mzee, tutafika?" Nikasema tutafika. Nikaziba tundu na kipande cha gunia, nikapaka lami nyeusi, nikakaza bolti kwenye ukingo uliobaki. Juu nikalaza zulia.

Kiti hicho cha kushoto ndicho cha Nasike.

Alhamisi asubuhi nilimwambia Hortense muda umekwisha, safari hii tusivute, turudishe kioo. Wamalwa alikuwa anakuja saa kumi kuchukua gari, waondoke Ijumaa alfajiri. Hakukataa. Alisema kwanza amalize zulia.

Alikuwa anashona pindo la zulia pale miguu ya kiti inapopita, na sindano ya kushonea magunia. Nilikuwa nje nasafisha mpira wa kioo, namwona. Kila akichoma, sindano iligonga chuma chini, akaigeuza. Tik, akageuza. Tik, akageuza. Kisha haikugonga. Iliingia mpaka kwenye tundu la uzi.

Akaichomoa. Ncha ilikuwa nyeusi kwa lami. Akainusa.

"Baba Gradi," akasema, "hapa chini kuna chuma?"

Nikasema kipo.

Akaniuliza tena, polepole, kama mtu anayempa mwenzake nafasi.

Nikasema kipo.

Akafuta sindano kwenye aproni, akaichomeka kwenye kola ya gauni, akaenda kuchukua mnyororo.

Nilimfuata. Nilimwambia tutachelewa. Nilimwambia mchanga utachafua ngozi mpya. Alilaza turubai juu ya kiti, akalipandisha gunia peke yake, mwanamke wa miaka sitini na mbili, akalifunga mkanda. Akafunga nyuma ya gari kwenye nguzo nyingine ili lisitembee. Funguo za gari akazitia kifuani.

Wakati anakaza ndoano, Wamalwa akafika, mapema. Ndevu amenyoa, shati jipya lina mikunjo ya kiwandani. Alimsalimia Hortense kwa furaha, akauliza kama hilo gunia ndilo linaolewa. Husnah akacheka kutoka kibandani. Hortense alimwambia asimame kando.

Akaanza kuvuta. Winchi ile inalia kra kwa kila jino. Nilihesabu, sijui kwa nini. Moja mpaka tano, mkanda ukakaza, gunia likainama. Sita, saba, gari zima likanyanyuka kidogo mbele. Nilianza kumwomba Mungu, naye alijua naomba nini: bati lishike, nisionekane. Nane.

Tisa, mguu wa nyuma wa kiti ukatoka. Haukukatika. Ulikuja na sakafu yake, na kile kipande cha gunia na lami yangu, ukaacha tundu unaona ardhi. Kiti kikaanguka mbele, gunia likapiga dashibodi.

Wamalwa alikuwa anaangalia gunia. Lilikuwa bado limefungwa mkanda.

Kisha akakasirika, lakini si kwangu, maana hakujua. Alimkasirikia Hortense. Alisema nani alimtuma kuvunja gari la watu. Alisema kijiji kizima kinangoja gari lile, wazee wanalijua tangu enzi za baba yake, atawaambia nini? Alisema turudishe bolti, ataendesha polepole, kilomita arobaini, hata thelathini. Akanyoosha mkono apewe funguo.

Hortense alisema funguo hazitoki.

Wamalwa akanigeukia mimi. "Mzee Mushagalusa, wewe ndiye mwanamume hapa. Mwambie mkeo anipe gari langu."

Hapo ningeweza kumaliza. Kiti kilikuwa chake, gari lake, mtoto wake. Ningesema mpe, mke wangu angenipa lawama nyumbani tu. Hortense hakunitazama. Alikuwa anafungua ndoano, mgongo wake kwangu. Hakumwambia Wamalwa kuhusu sindano. Hakusema niliulizwa mara mbili. Aliniachia mwenyewe.

Nikasema, "Niliiona kutu Jumatatu. Nikaifunika. Usimpakie mtoto."

Wamalwa aliokota spana mezani. Aliishika muda mrefu. Nilifikiri atanipiga, na nisingejikinga. Akaiweka chini, akasema, "Mtu mzima kama wewe," akaondoka kwa miguu, hakuangalia hata gari.

Nasike alikwenda Bungoma kwa gari la mjomba wake, akaolewa. Wamalwa hakuongea nasi mwezi mzima. Baadaye alipiga simu kwa Hortense, si kwangu, akasema neno moja: kateni. Tukakata sakafu. Nililaza vyuma viwili, ubavu hadi ubavu, na Hortense akavuta meno ishirini. Sakafu haikutikisika.

Lakini kuna kingine, na hicho Wamalwa hakijui. Kulikuwa na magari mengine mawili, ya miaka ya nyuma, yasiyo na mikanda ya kuvutwa, niliyoyafunika hivyo hivyo. Moja la mwalimu wa Kyambogo, moja la mama mmoja aliyekwisha kuhama. Tulitafuta miezi miwili mpaka tukayapata, nikayakata, nikayachomea upya mbele yake. Nisingefanya hivyo mwenyewe. Nilifanya kwa sababu ya jioni ile ya Alhamisi. Tulikuwa tumefunga karakana, nimekaa kwenye ndoo, nimeanza kumwomba msamaha. Alinikatiza. Hakupandisha sauti. Alisema:

"Samahani yako iweke kwanza, Baba Gradi. Niambie magari mengine ni yapi."