Kithai Nilichojifunzia Matinyani

Binti yangu aliandika kutoka Thailand kwamba amepata mchumba wa huko, na kwamba mama ya kijana hajui Kiingereza hata cha salamu. Niliisoma barua mara mbili, nikaikunja, nikamwambia mume wangu kwamba nitajifunza Kithai. Hakucheka. Aliuliza tu kama nitaanza kabla ya kupalilia au baada.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni. Nilikuwa nimestaafu ualimu, baada ya kufundisha darasa la kwanza hapa Matinyani, Kitui, tangu nikiwa msichana. Mtu aliyefundisha darasa zima kusoma kwa vitabu vitatu vilivyochanika haogopi herufi za mtu yeyote. Nasema hivyo bila haya.

Sababu yangu ilikuwa moja. Binti alikwenda kusomea kilimo, akapata kazi huko huko, na sasa alikuwa anaolewa mahali ambapo barua huchukua wiki tatu kufika. Akilia, nani atamsikia? Nilitaka yule mwanamke awe mama yake huko, na hilo ni jambo mwanamke humwomba mwanamke mwenzake kwa mdomo wake mwenyewe. Sikuweza kumfanya mwanangu mkalimani wa maneno ya kumwombea yeye.

Alinitumia kitabu, kaseti sita, na kamusi ndogo ya betri. Unabonyeza neno la Kiingereza, nayo inakuandikia la Kithai na kulitamka kwa sauti ya mwanamke mwenye mafua. Nilianza na herufi. Ziko arobaini na nne, na kila moja huitwa kwa kitu chake: kuku, yai, chupa, nyati. Nilichora chati kubwa kama zile za darasani, nikaibandika ukutani jikoni kwa gundi ya unga. Majirani waliokuja kuazima kiberiti walidhani nimehamia dhehebu jipya.

Waandishi wa Kithai hawaachi nafasi kati ya neno na neno. Mstari mzima unashikana, na ni wewe wa kujua neno linaishia wapi. Nililia siku moja tu kwa hilo, kisha nikaona aibu, nikarudi mezani. Mwezi wa tatu nilisoma peke yangu maandishi ya pakiti ya tambi ambayo binti alikuwa ameiweka kwenye kifurushi. Zilikuwa za kuku. Nilimwita mume wangu kutoka shambani aje anisikie nikisoma, na alikuja na jembe lake, akasikiliza hadi mwisho, akasema, "Sasa nyinyi walimu hata chakula mnakisoma kabla ya kukila."

Juu ya sauti kupanda na kushuka, ambako hubadili maana ya neno, kitabu kilitumia kurasa nyingi kumtisha msomaji. Kilikuwa kimeandikiwa Waingereza. Sisi Wakamba hupandisha na kushusha maneno tangu tunaponyonya, na hakuna aliyetuandikia kurasa. Kurasa hizo nilizimaliza jioni moja. Kilichonisumbua ni betri za redio ya kaseti. Zikiisha nguvu nilizianika juu ya bati pamoja na kunde, zikapata uhai wa nusu saa, na yule bwana wa kaseti akawa anasema polepole kama mlevi. Nadhani ndiyo sababu Kithai changu hadi leo hakina haraka.

Mwaka wa pili binti alituma diski ya kompyuta. Kompyuta niliijua kwa kuisikia tu. Kila Alhamisi nilikwenda Kitui mjini, kwa bwana mmoja Mwislamu aliyekuwa na chumba cha kufundishia vijana kupiga chapa. Babu yake alitoka pwani, na Kiswahili chake kilikuwa safi kiasi cha kunifanya nichunge changu. Mashine yake ilinitolea neno, nikalirudia kwenye kipaza sauti, nayo ikanipa alama. Siku iliponipa thelathini kwa mia nilibishana nayo kwa sauti mpaka vijana wote wakageuka.

"Mwalimu," akaniambia yule bwana, "hiyo haibishiwi. Sema tena."

"Mimi ndiye hupeana alama."

"Basi jipe zako, halafu useme tena."

Nilisema tena. Kufikia mvua za mwisho wa mwaka nilikuwa napata themanini, na yeye akaanza kuwaonyesha wateja wapya kiti changu.

Wageni walikuja mwezi wa nane, kijana na mama yake, wakiongozwa na binti, kuleta mbuzi wa ntheo. Kwetu, pasipo mbuzi hao msichana si mke wa mtu, hata mkifunga harusi tatu. Walikuwa wamewanunua soko la Matinyani asubuhi hiyo, na huyo mama, mjane mfupi mwenye nywele za mvi zilizokatwa, alikuwa amemshika mmoja kamba yeye mwenyewe. Nilimpenda papo hapo. Nilikuwa na hotuba yangu kichwani, mwaka mzima nikiifanyia mazoezi.

Wakati huo kijana akanijia. Aliviunganisha viganja vyake kifuani, akainama, akaanza kupiga magoti miguuni pangu.

Nikakimbia.

Kuna kitu Wakamba hukiita nthoni, ile heshima kati ya mwanamume na mama wa mke wake. Zamani hawakutazamana usoni, wala kupeana mikono. Wakikutana njiani, mmoja aliingia msituni. Mimi nilikuwa nikiwaambia akina mama kanisani kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati, sote tumeokoka. Lakini nilipoona kijana huyo akija karibu hivyo, miguu yangu haikuniuliza. Nilijikuta ndani ya jiko letu la mbao, mlango nimeufunga.

Binti aliingia na macho mekundu.

"Mama, umemkimbia! Miaka miwili unasoma lugha yao, halafu unamkimbia mbele ya mama yake!"

"Ni nthoni."

"Na yeye angejuaje nthoni? Wanafikiri umemkataa. Mama yake ananiuliza kama warudi Nairobi leo."

Alitoka akaupiga mlango nyuma yake, akaenda nyuma ya ghala, kama alivyofanya kila alipokasirika tangu utotoni. Hasira hizo ni zangu. Hakuzitoa kwa baba yake.

Niliona aibu. Nilikuwa na mamia ya maneno ya Kithai, na hata moja halikuwa la kazi hii. Kitabu kilinifundisha kukodi chumba, kuuliza bei ya samaki na kumwambia daktari kwamba tumbo linauma. Nikaegemea mbao za ukuta, nikapaza sauti, kwa sababu kupitia ukutani nthoni haikatazi.

"Mwanangu," nikasema kwa Kithai. "Sina hasira. Hapa kwetu mama wa mke hatazami uso wa mume. Ni heshima. Heshima kubwa sana. Nina furaha. Hapa ni nyumbani kwako." Kisha, kwa kuwa pumzi ilikuwa imebaki, nikaongeza, "Nyama itakuwa tayari saa nane."

Nje mtu alicheka, cheko la mtu aliyekuwa karibu kulia. Sauti ya kijana ikauliza kama anaweza kuketi hapo. Nikamwambia aketi. Nilisikia mgongo wake ukigusa mbao upande wa pili, na tukakaa hivyo, mimi nikikata vitunguu, yeye akiniuliza majina ya watoto wangu wengine.

Mlango ukafunguka. Ni mama yake. Aliketi kwenye kigoda bila kukaribishwa, akanitazama. Nilifuta mikono, nikaanza hotuba yangu: naomba, dada yangu, huko mbali. Aliinua kiganja, nikanyamaza. Akasema polepole, kama mtu anayemwongelesha mtoto wa darasa la kwanza, akielekeza kidevu upande wa ghala.

"Akikasirika hivi, mtu amfuate au amwache?"

Nilielewa kila neno. Machozi yalinitoka na sikuyazuia, wala sikusingizia vitunguu.

"Ngoja kidogo," nikamwambia. "Halafu mfuate. Usiseme kitu."

Tukangoja. Nikaanza kuinuka, kwa mazoea ya miaka yote ya kumfuata mtoto huyo nyuma ya ghala, lakini yeye alikuwa ameshasimama. Alivaa ndala zangu zilizokuwa mlangoni akatoka. Nikajilazimisha kukaa. Baadaye nikamsikia mwanangu akisema "mama", kwa Kithai. Hakuwa ananiita mimi. Iliniuma, tena sana, na ndilo neno nililokuwa nimelisomea miaka miwili ili apate mtu wa kumwita hivyo.