Mkufunzi wa Haki za Raia

Siku zile za hali ya hatari, wakoloni wakipambana na Mau Mau, jina la Karambu lilifutwa katika orodha ya darasa la watu wazima kwa kuwa mumewe alikuwa kizuizini katika kambi ya Manyani. Aliyelifuta ni mkufunzi wa haki za raia katika chuo cha walimu, Meru, ambako Karambu alifagia veranda. Kupitia dirishani alimjua mtu huyo kama kiganja chake: hakai kitini, huvunja chaki kabla ya kuandika, hufuta kidole kimoja kimoja kwa leso, na sauti yake hushuka kila lori la askari linapopita. Asubuhi moja aliandika ubaoni, akasoma kwa nguvu: “Kila mtu ana haki ya kusoma, hata asiye na viatu.”

Karambu akachungulia, ufagio mkononi. “Na mimi je, mwalimu?”

Darasa likaangua kicheko. Mkufunzi hakucheka. “Mama, lete kwanza cheti cha uaminifu kwa serikali kutoka kwa chifu.”

“Basi andika hapo ubaoni: kila mwenye cheti ana haki. Usiwadanganye watoto wa watu.”

Mkufunzi akainua kifutio, akakishikilia mbele ya yale maneno, asifute. Kisha akaja akafunga dirisha polepole, bila kumtazama. Chifu alikwisha kumnyima Karambu cheti hicho. Lakini kiti darasani, na jibu mbele ya wale waliocheka, Karambu bado anamdai mkufunzi.