Mimi na Askari wa Kwenye Picha

Tulikuwepo hivi. Mimi, msichana niliyekwisha kutolewa mahari, ng'ombe wako zizini kwa baba. Dada yangu wa tumbo moja, aliyenitangulia kuzaliwa. Dereva wa lori la shamba la kahawa, ambaye mke wake ni wa ukoo wa mama yetu. Mzungu mwenye kamera, hana undugu na mtu. Na kijana mmoja juu ya lori, kati ya mgambo wenzake, ambaye sikuwa nimemwona hata siku moja. Majina yao yote ninayo, hata la mzungu, maana limechapwa nyuma ya picha. Siyaandiki. Wengine wana wajukuu.

Ulikuwa mwaka wa vita vya Kagera, asubuhi, barabara kubwa ya Karatu, mbele ya maduka. Lori lilikuwa linawapeleka vijana Arusha. Gari la mzungu, lililokuwa linapanda kwenda kreta kutazama wanyama, lilisimama pembeni kungoja vumbi litulie. Mimi na dada tulibeba maharage ya shangazi yetu, mchumaji kahawa huko Oldeani.

Yule kijana akaniita. "Dada, mnaelekea wapi?"

"Oldeani."

Akainama mpaka nikafikiri ataanguka. Injini ilikuwa inanguruma, basi akanishika kidevu, akaweka mdomo sikioni. "Mama yangu anakaa nyumba ya mwisho, ukishapita uwanja wa kuanikia kahawa. Tumechukuliwa kazini, sikumuaga. Mwambie nimeondoka mzima. Asilie."

Ni hayo tu. Lori likaondoka. Mzungu alikuwa anacheka peke yake, kamera mkononi, na dereva wa lori alichungulia dirishani akapiga kelele, "Huyo kafurahi kuliko angeona simba!"

Dada alinichokoza njia nzima. "Wee, mdogo wangu, kakung'ata sikio? Jifute basi, askari kakuachia mate!" Nilipomweleza nilichotumwa, akaacha kucheka. "Usiende. Msichana akiingia peke yake kwa mama wa kijana, tena ana neno la kijana mdomoni, anatoka humo ni mkamwana. Ng'ombe wa watu utawarudisha wewe?"

Nilimsikiliza. Nikajiambia vita vitakwisha, atarudi, atajisemea mwenyewe.

Lakini njia ya kwa shangazi ilipita pale pale. Mama yule alikuwa nje, anapukuchua mahindi kwenye ungo. Alinisalimu. Nikamwitikia. Akaniuliza kama huko nilikotoka kuna mvua, nikasema hakuna, nikapita. Hatua nane, kumi hivi, kutoka mlangoni kwake. Mgongo ulikuwa wa moto kama niliyebebeshwa chungu kilichotoka jikoni.

Mwezi uliofuata niliolewa, na kabla mwaka haujageuka nikapata mtoto wa kiume. Yule kijana hakurudi. Hata mwili haukurudi.

Mtoto alikuwa ameanza kusimama dede siku mama yule alipopiga hodi kwangu. Alitoa kadi ya posta kwenye fundo la kitenge. Mpwa wake, mfua mashuka wa hoteli moja kule juu ya kreta, aliikuta inauzwa kwa wageni. Ilikuwa picha yetu. Lori halionekani vizuri kwa vumbi. Anaonekana yeye, ameshuka kutoka juu kama malaika, na mimi nimeinua uso, macho nimefumba. Mtu yeyote angesema wanabusiana. Ile kadi ilikuwa imezunguka soko zima mpaka ikamfikia dada, naye akasema, ndiye huyu, anakaa pale.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Alikuambia nini?"

"Alisema nikusalimie. Alisema ameondoka mzima, usilie."

"Na kwa nini hukuja, mwanangu?"

Nilitazama chini kwa aibu ya kumbukumbu ya ule ungo wa mahindi. Yeye akaisoma aibu yangu vingine. Alimtazama mtoto muda mrefu, halafu akasema taratibu, "Basi. Nimeelewa." Akafungua kibuyu, akampaka mtoto siagi kichwani, kama bibi anavyombariki mjukuu, akimwita kwa jina la mwanawe.

Mume wangu alikuwa anapasua kuni nyuma ya nyumba. Akaja na shoka mkononi. "Mama, huyo ni mwanangu."

"Ni wako, baba. Nani kasema si wako? Ni wako wa kulea."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Kusema kungekuwa kumwambia yule mama kwamba mwanawe hakuacha kitu duniani, na kwamba salamu ya mwisho niliipitisha mbele ya mlango wake nikaenda nayo. Nilinyamaza. Mume wangu alinitazama, akarudi kwenye kuni zake. Hakuniuliza mpaka anakufa. Mtoto alimsomesha, alimwoza, ila sikumsikia tena akisema "mwanangu".

Sasa picha ile imetundikwa, kubwa kama mlango, kwenye hoteli za Karatu. Waongoza watalii wanaisimulia: wapenzi wawili, vita, machozi. Na mwanangu, mtu mzima mwenye mvi, juzi amekwenda Oldeani kusafisha kaburi la yule mama. Aliporudi alisema, "Nimemwona bibi yangu." Nikamwekea chakula.

Mwanangu, baba yako ni yule aliyekulea. Nakuandikia kwa sababu mdomo umenishinda tena.

Dada yangu bado yupo, anasema nilicheka lori lilipoondoka. Mimi sikumbuki kucheka. Nikifumba macho siku hizi siioni barabara, naiona kadi. Kama kuna aliyekuwa juu ya lori lile na bado yu hai, na nimekosea, anisahihishe. Hasa aniambie kama yule kijana alinishika kidevu muda mrefu kuliko nilivyosema, na kama mimi niliuondoa uso.