Sharti la Papa Kalenga

Siku yangu ya kwanza redioni, hapa Likasi, sikugusa mikrofoni. Chef wa programu, Papa Kalenga, alinikalisha kwenye meza ya mapokezi. «Ma fille, mutoto wangu, sauti iko ya kila mutu,» alisema. «Leo nitaangalia masikio yako.» Nilikuwa nimeacha shule baada ya kufiwa na wazazi, na wadogo zangu wanne walikula kwa kazi hiyo.

Alinifundisha kondukta, yaani karatasi inayopanga kila dakika ya kipindi, kisha matangazo ya vifo. Hayo aliyajali kuliko habari. Tangazo lazima liletwe na ndugu wa marehemu, naye alisome kwa sauti mbele yetu kabla hatujalisoma sisi. «Jirani anaweza kuleta chakula ku kilio,» alisema. «Kifo, hapana.»

Miezi michache baadaye alikwenda Koni kurekodi mahojiano. Asubuhi hiyo mtu mmoja wa mtaa wa Kikula aliingia akihema: jirani yake Papa Musonda, mkata mawe wa machimbo ya Kakontwe, ameangukiwa na jiwe, amepitishwa mbele yake amefunikwa kitenge. Kipindi kilibaki na dakika mbili. Niliona machozi ya yule mtu, nikatangaza kifo hicho.

Papa Musonda alikuwa hospitalini, mguu umevunjika. Kitenge kilikuwa cha kumkinga jua. Habari ya kweli ilipofika kwake Kikula, viti vya kilio vilikuwa vimeshapangwa na mkewe amekalishwa chini kama mjane, amevuliwa viatu na hereni.

Mkurugenzi alitaka kunifukuza siku hiyo hiyo. Papa Kalenga, aliporudi, hakunitetea. «Aende kwanza kule, Directeur. Kisha mukate neno.»

Alinisindikiza kwa miguu hadi Kikula. Mke wa Musonda alinitazama. «Ni weye njo uliniuwia bwana?» Shemeji zake walicheka; yeye hakucheka. Nilipiga magoti, nikaomba msamaha. Alinigeuzia mgongo, akaingia ndani.

Hospitalini mambo yalikuwa mengine. «Aa, radio yenu iko na haraka kupita Mungu!» Musonda alisema. «Ata soksi sijavaa, munanizika?» Kisha akamgeukia Papa Kalenga: «Chef, musimufukuze uyu mutoto. Siku nitakufa kweli, ye njo ataangalia muzuri.»

Papa Kalenga alimfikishia mkurugenzi maneno hayo bila kuongeza lake. Jioni nilisoma sahihisho kwenye antena, yaani hewani, nikataja jina langu na kosa langu. Mkurugenzi alisikiliza amesimama mlangoni, akaondoka bila kuniambia nirudishe funguo za studio. Papa Kalenga alisema tu: «Kesho, saa kumi na mbili.»

Sasa nimestaafu. Siku hizi matangazo yanaingia kwa simu, na vijana wa studio huniuliza kama sharti lile la zamani bado lina kazi. Sibishani nao. Ninawaelekeza Kikula, kwa mama mmoja aliyekuwa mjane kwa muda wa saa nne. Hadi leo, redio ikianza kusoma vifo, anaizima.